Suti ya kompyuta, sura ya kuchubuliwa

Jamani, leo naomba niseme, maana jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu. Kuna uongo mmoja unaouzwa kwa vijana waliomaliza vyuo, na unauzwa kwa bei nzuri tu. Uongo wenyewe unasema hivi: hujapata kazi kwa sababu picha yako ya LinkedIn ni mbaya.

Si kwa sababu ajira ni chache. Si kwa sababu nafasi tano zinagombewa na watu elfu. Si kwa sababu nafasi nyingine zilishapata wenyewe kabla tangazo halijatoka. Hapana. Tatizo ni picha! Njoo studio, vaa koti, kunja mikono kifuani, tabasamu (meno yaonekane, ila yasizidi), toa elfu hamsini au laki kabisa, kisha nenda nyumbani ukasubiri simu ya mwajiri.

Mimi ni mmoja wa walengwa wa biashara hii. Nina digrii, nina miaka ishirini na kitu, naandikia gazeti. Wenzangu niliosoma nao wengine wana kazi, wengine wanajitolea ofisini mwaka wa pili huu bila hata nauli, wengine wako nyumbani kwa wazazi wakituma barua za maombi kila Jumatatu. Hawa wa mwisho ndio wanaolengwa hasa. Mtu asiye na kipato anaambiwa aanze kwa kutoa pesa. Hebu fikiri.

Hoja yangu ni moja, nami naiweka wazi mapema tusije tukapotezana njiani: kazi ya picha ni kumwezesha mtu akutambue. Basi. Picha ikianza kufanya kazi ya cheti, kazi ya suti usiyo nayo na kazi ya ngozi usiyo nayo, imegeuka udanganyifu. Na wa kwanza kudanganywa ni wewe uliyelipa.

Tuanze na huo mtandao wenyewe. LinkedIn ilifunguliwa Mei 2003, huko Marekani. Miaka ya mwanzo haikuwa na picha kabisa. Watu waliweka majina, kazi walizofanya na shule walizosoma, wakaunganishwa na wakapeana kazi bila kuonana sura. Picha ziliruhusiwa mwaka 2007. Mwaka 2016 Microsoft wakaununua mtandao huo kwa zaidi ya dola bilioni 26. Kwa hiyo usidhani kwamba picha ni nguzo ya nyumba. Nyumba ilisimama miaka minne bila hiyo nguzo.

Leo ukifungua ukurasa wa mtu, jicho linaanzia kwenye duara la picha. Na wauza picha wana takwimu yao wanayoipenda kama wimbo wa taifa: LinkedIn wenyewe wamekuwa wakitangaza kwamba mwenye picha hutazamwa hadi mara 21 zaidi ya asiye nayo. Sawa. Lakini tusome kama watu tuliokwenda shule. Kutazamwa siyo kuajiriwa. Halafu, nani hasa huwa hana picha? Mara nyingi ni yule aliyejiandikisha siku moja, akaandika jina lake na mstari mmoja, akasahau nywila, hakurudi tena. Na nani ana picha? Ni yule anayeingia kila wiki, anayeandika, anayejibu ujumbe, anayetafuta watu. Ukiwalinganisha hao wawili, umepima juhudi ukaita picha. Ni sawa na kusema wanaovaa viatu vya mpira hukimbia sana, kwa hiyo viatu ndivyo vinavyokimbia. Tena hiyo takwimu inasema picha. Haikusema suti. Haikusema laki moja.

Sasa twende studio.

Kila aliyekulia mjini anazijua studio zetu za pasipoti saizi. Pazia la bluu, kigoda, kioo kidogo, kitana kimefungwa kamba kisiibwe, na kwenye msumari limening'inia koti moja jeusi lililovaliwa na nusu ya mtaa. Mnene analivaa, mwembamba analivaa, anayeomba kazi ya udereva analivaa na anayeomba ya uhasibu analivaa. Siku hizi hata msumari haupo. Unapigwa ukiwa na fulana yako, kisha kijana wa kompyuta anakuuliza, "Bro, nikuvalishe suti ya rangi gani?" Anabonyeza mara mbili tatu, kichwa chako kinakaa juu ya mabega ya mtu mwingine. Tai imenyooka kuliko maisha yako. Shingo ni yako, kola si yako, na katikati kuna mstari mwembamba unaosema ukweli wote.

Tusicheke sana, maana jambo hili lina historia yake, na historia yenyewe ni nzuri. Seydou Keïta alipofungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, aliweka suti za Kizungu, saa, kalamu na redio kwa ajili ya wateja. Mtu alikuja, akachagua, akapigwa picha akiwa amependeza. Leo picha zile zinatundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani. Hapa kwetu Zanzibar kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na vizazi kadhaa vya mji vimekaa mbele ya kamera yake vikiwa vimevaa vya sikukuu. Sina ugomvi na hayo hata kidogo. Picha ile ilikuwa furaha. Ilitundikwa sebuleni, ikatumwa kwa shangazi, ikatiwa kwenye albamu. Hakuna aliyemwambia mtu kwamba asipovaa saa ya kuazima hatapata mkate.

Tofauti ndiyo hiyo. Kupendeza ni haki yako. Kulazimishwa kujifanya mtu mwingine ili uonekane unafaa kazi ni kitu kingine kabisa. Mtu aliyesomea kilimo, anayejua udongo na mbegu na magonjwa ya mahindi, kwa nini apigwe picha kama meneja wa benki? Fundi umeme je? Nesi? Mwalimu wa chekechea? Fungua LinkedIn ya vijana wa Bongo uone: wote ni mameneja wa benki. Mikono imekunjwa, nyuma kuna ukungu wa ofisi isiyojulikana iko nchi gani. Mwajiri anayetafuta mtu wa shambani anatazama suti hamsini na hajui nani kati yao amewahi kushika jembe. Halafu wale wasio na pesa ya studio wanakata picha ya harusi ya kaka yao, na vidole vya mtu mwingine bado viko begani. Hao nawaheshimu zaidi. Angalau suti walivaa kweli.

Lakini suti ni kichekesho. Lililonifanya niandike ni ngozi.

Vijana wengi hawafundishwi jambo hili, na wapiga picha wetu kadhaa nao hawalijui. Kamera haijui kama inatazama uso au ukuta. Inapima mwanga wote uliomo ndani ya picha, kisha inajaribu kuupeleka kwenye wastani, rangi ya kijivu. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unatoka kama makaa. Mpiga picha anayejua kazi yake anaongeza mwanga, au anapimia usoni badala ya ukutani, au anahama ukuta. Asiyejua anasema tatizo ni ngozi yako. Anakwenda kwenye kompyuta, anakuchubua. Mkorogo huo! Tofauti yake na ule wa dukani ni kwamba huu hauwashi.

Na wala tusiseme ni bahati mbaya tu. Kwa miongo kadhaa, kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha zilipimia rangi kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke mweupe. Iliitwa kadi ya Shirley, kutokana na jina la mfanyakazi wa kampuni aliyepigwa picha ya mwanzo. Ngozi yake ikitoka vizuri, fundi alijua mashine imekaa sawa. Ngozi yako ikitoka vibaya, shauri yako. Na waliosukuma Kodak kurekebisha filamu si watu weusi waliolalamika. Malalamiko yaliyosikika mapema ni ya wenye viwanda vya chokoleti na samani, waliotaka rangi za bidhaa zao zionekane tofauti kwenye matangazo. Meza ya mbao ilisikilizwa kabla ya uso wa mtu! Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Na mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6, moja ya sifa walizozitangaza sana ni kwamba kamera yake imerekebishwa ili ipige ngozi nyeusi jinsi ilivyo. Mwaka 2021, ndugu yangu. Kamera ina umri wa karibu miaka mia mbili.

Sasa imekuja akili mnemba. Unapakia picha zako kumi za simu, unalipa dola kadhaa, unarudishiwa picha arobaini ukiwa ofisi ambayo hujawahi kuingia, umevaa suti ambayo haijashonwa. Wengi wanaona ni nafuu kuliko studio. Haya. Mwaka 2023 mwanafunzi mmoja wa chuo cha MIT, Mmarekani mwenye asili ya Asia, aliiambia programu ya namna hiyo iifanye picha yake iwe ya kikazi kwa ajili ya LinkedIn. Ikamrudishia picha ya msichana mwenye ngozi nyeupe zaidi na macho ya bluu. Hakuomba weupe. Aliomba ukazi. Mashine ikaelewa kwamba ni kitu kimoja.

Mashine haikuota jambo hilo, ililishwa. Mwaka 2018 watafiti wawili weusi, Joy Buolamwini na Timnit Gebru, walipima mifumo mitatu ya kompyuta inayobashiri jinsia ya mtu kwa kumtazama uso, mmoja ukiwa wa Microsoft hao hao wenye LinkedIn. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika hadi asilimia 34.7 katika mmoja wa mifumo hiyo. Kampuni zilirekebisha baada ya kuaibishwa, sawa, tuwape haki yao. Lakini dada yangu wa Mbagala anapompa simu sura yake na kuiambia "nifanye nionekane mtaalamu", ajue anamwomba ushauri nani.

Na hapo sijagusa swali la picha zako kumi zimebaki kwenye kompyuta ya nani, nchi gani, zinafanyiwa nini. Uso si nywila. Nywila ikiibiwa unabadilisha.

Nimewasema wauzaji. Sasa nigeukie wanunuzi wakubwa, yaani waajiri, maana soko halipo bila wao.

Matangazo ya kazi hapa kwetu, ya serikali na ya kampuni, kwa miaka na miaka yamedai pasipoti saizi ya hivi karibuni, jina liandikwe nyuma. Ya nini? Mwajiri anataka kujua nini usoni mwa mtunza stoo kabla hajasoma kama anajua kutunza stoo? Kama ni kuhakikisha kwamba aliyekuja kwenye usaili ndiye aliyeomba, kitambulisho kipo. Kama ni kutengeneza kadi ya mlangoni, mpige picha siku anayoanza kazi.

Marekani, nchi iliyotuletea LinkedIn, tume yake inayosimamia usawa katika ajira inawaelekeza waajiri wasiombe picha ya mwombaji. Ikihitajika kwa kitambulisho, ichukuliwe baada ya mtu kupewa kazi na kuikubali. Wanajua kwa nini. Mwaka 2004 wachumi Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walichapisha utafiti ambao walituma maelfu ya maombi ya kazi ya kubuni huko Boston na Chicago. Maombi yaliyokuwa na majina yanayosikika ya Kizungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi kuliko yale yenye majina yanayosikika ya watu weusi. Hayo ni majina tu! Picha haikuwapo. Halafu nchi hiyo hiyo ikajenga mtandao ambao kitu cha kwanza mwajiri anachokiona ni uso. Kilichofungiwa mlango wa mbele kimeingia kwa dirisha. Na LinkedIn wanalijua hilo, ndiyo maana wamewawekea waajiri kitufe cha kuficha majina na picha za waombaji. Ni waajiri wangapi wa Dar wanakitumia? Tuulizane.

Wataniambia, "Aa, sisi hatubagui, wote ni Watanzania." Kweli? Mwaka 2006 watafiti wa Princeton, Janine Willis na Alexander Todorov, walionyesha kwamba mtu akiona uso kwa sehemu ya kumi ya sekunde tu, tayari ameamua kama mwenye uso huo ni mwaminifu na kama anaiweza kazi. Akiongezewa muda, hukumu haibadiliki sana, anazidi tu kuiamini. Hapo ni kabla ya kuongeza mambo yetu: huyu mweupe, huyu anaonekana wa bara, huyu kajifunga hijabu, huyu ana chale, huyu mnene, huyu kijana mno, huyu mama anaonekana atazaa karibuni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mengineyo, na inamlinda hata anayeomba kazi. Sasa nionyesheni njia rahisi ya kuivunja sheria hiyo bila kuacha alama kuliko kuomba picha kwanza.

Najua kuna mwenzangu amekaa pale anatikisa kichwa: "Dogo, dunia ndivyo ilivyo. Wenzako wana picha nzuri. Usipoweka utabaki na msimamo wako na njaa yako." Hoja hii naiheshimu, kwa sababu njaa ni njaa. Na sijasema usiweke picha. Weka. Asiyekujua akikutumia ujumbe anataka kujua anaongea na binadamu, na matapeli wamejaa. LinkedIn wenyewe wanataka picha ifanane na wewe, na wana haki ya kuiondoa isiyofanana.

Ninachosema ni kwamba picha hiyo haidai laki. Toka nje saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni. Jua la saa sita linachimba macho na kuyafanya mashimo, likwepe. Simama kivulini ukitazama upande wa mwanga, au kaa ndani ukiangalia dirishani. Nyuma yako pawe na ukuta wa rangi ya wastani, usiwe mweupe pee. Usijipige mwenyewe kwa mkono, maana kamera ikikaribia sana pua inakuwa mbele ya mwenyewe. Mpe rafiki simu, asimame hatua mbili tatu, atumie kamera ya nyuma, aguse uso wako kwenye kioo ili mwanga upimwe hapo. Uso na mabega vijae kwenye picha. Vaa nguo ambayo ungevaa siku ya kwanza kazini: kama ni shati, shati, kama ni ovaroli, ovaroli, kama ni kitenge, kitenge. Futa kioo cha kamera kwa pindo la shati, maana kina mafuta ya chipsi. Umemaliza.

Wapiga picha msinichukie. Anayejua mwanga, anayejua kumtuliza mtu mwenye aibu mpaka sura yake ifunguke, alipwe, na alipwe vizuri. Hiyo ni kazi ya mikono na macho, nami nafanya kazi na watu wa aina hiyo kila siku gazetini. Ninayempinga ni yule anayeuza koti la kompyuta na mkorogo halafu anauita ajira. Mteja akikuomba umfanye mweupe, mwambie ukweli: nitakuongezea mwanga, ngozi yako nitaiacha.

Waajiri nanyi, acheni kuomba picha kabla ya usaili. Haigharimu hata senti. Futeni mstari mmoja kwenye tangazo.

Na wewe mwenzangu wa kutuma maombi kila Jumatatu: hiyo elfu hamsini itakupa vifurushi vya intaneti vya kutosha kuandika vizuri kazi ulizofanya, hata zile za kujitolea, hata duka la baba ulilolisimamia likizo. Itakupeleka na kukurudisha kwenye usaili mara kadhaa. Siku ukiitwa, aingie mlangoni mtu yule yule aliye kwenye picha, asije mwajiri akaanza kuuliza mwenye suti yuko wapi.

Nimemaliza. Anayebisha aje na hoja, asije na tai.